Barafu Iliyosingiziwa: Ziwa Viktoria, Bahari ya Hindi na upepo wa Aktiki, 2019–2020

Mei 2020 kipimo cha usawa wa Ziwa Viktoria kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42. Alama ya juu kabla ya hapo ilikuwa 13.41, ya Mei 1964. Upande wa Mwanza maji yalikuwa yamepanda mialo ya wavuvi, yakala mchanga wa kuanikia dagaa, yakaingia kwenye vibanda vilivyosogelea ufuko kupita kiasi. Maelezo mepesi kuliko yote yalikuwa haya: barafu ya ncha za dunia inayeyuka, na maji yake ndiyo haya.

Hayasimami. Uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari itapanda mita 70 hivi. Itaimeza Dar es Salaam na isifike hata Morogoro mjini, sembuse Kirumba ya Mwanza. Ila ndani ya kosa hilo kuna chembe inayostahili kuchimbwa, kwa sababu miezi ileile ziwa lilipokuwa linajaa, upepo unaoizunguka Ncha ya Kaskazini ulikuwa unavunja rekodi zake. Mambo hayo mawili yana uhusiano kweli. Lakini ni uhusiano wa ndugu wa baba mmoja, si wa baba na mwana, na baba mwenyewe alikuwa Bahari ya Hindi.

Bahari ilivyopinduka

Mwaka wa kawaida, maji ya moto zaidi ya bahari hiyo hukaa mashariki, kuelekea Sumatra na Java. Hewa hupanda huko na mvua kubwa hunyesha huko. Kisha hewa hiyo husafiri juu kuja magharibi na kushuka upande wetu. Ndiyo sababu pwani ya Afrika Mashariki, ingawa imekaa juu ya ikweta, haipati mvua kama za Indonesia.

Kuanzia katikati ya 2019 mambo yaligeuka. Upepo wa kusini-mashariki ulikaza mbele ya Sumatra na Java, ukayasukuma maji ya juu yaondoke ufukoni, na maji baridi ya kina yakapanda kushika nafasi yake. Magharibi, mbele ya Somalia, Kenya na Tanzania, maji ya moto yakarundikana. Hali hii inaitwa Dipoli chanya ya Bahari ya Hindi, jina lililoenea baada ya kazi ya Saji na Toshio Yamagata ya 1999.

Kuipima si kazi ngumu, ila ina mitego. Unachukua joto la uso wa bahari kwenye kisanduku cha magharibi (longitudo 50 hadi 70 mashariki, latitudo 10 kusini hadi 10 kaskazini) na kisanduku cha mashariki (longitudo 90 hadi 110, latitudo 10 kusini hadi ikweta). Kila kimoja unakitoa wastani wake wa miaka mingi wa mwezi uleule. Halafu unatoa mashariki kutoka magharibi. Ofisi ya hali ya hewa ya Australia huhesabu dipoli kuwa chanya jibu linapokaa juu ya nyuzi 0.4 kwa muda. Oktoba 2019 jibu lilipita nyuzi 2.

Mtego wa kwanza uko kwenye huo wastani. Bahari ya Hindi ya kitropiki imepata joto la karibu nyuzi 1 tangu katikati ya karne iliyopita. Ukitumia wastani wa 1961–1990, sehemu ya ongezeko hilo la muda mrefu itaonekana kama tukio la mwaka huu. Mtu atadhani kutoa kisanduku kimoja kwenye kingine kunalifuta ongezeko hilo lote, lakini pande mbili hazikupata joto sawasawa, kwa hiyo kuna mabaki. Tumia wastani wa karibuni, na uwe uleule kwa miaka yote unayolinganisha.

Mtego wa pili ni wa mawazo, na ndio mkubwa. Watu husikia "bahari imepata joto" wakafikiri angahewa huongozwa na ukubwa wa joto. Upepo mkubwa huongozwa zaidi na tofauti ya joto kati ya mahali na mahali. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya nguvu ya dipoli ilitoka kwenye ubaridi wa mashariki, siyo moto wa magharibi peke yake. Bahari nzima ikipanda nyuzi 1 kwa usawa, mvuke utaongezeka kwa asilimia 7 hivi na mvua kubwa zitakuwa kubwa zaidi, lakini mahali pa hewa kupanda hapahami kwa sababu hiyo tu. Pakihama ndipo habari hufika hadi Aktiki.

Na nyuzi 1 si sawa kila mahali. Juu ya maji ya nyuzi 20, ongezeko la nyuzi 1 halileti mawingu marefu ya radi. Karibu na nyuzi 27 au 28 hewa iko ukingoni: ikiongezewa kidogo, mawingu hupanda mpaka kilomita 12 na zaidi. Magharibi mwa Bahari ya Hindi huishi karibu na ukingo huo.

Jiko la angani

Hapa ndipo moyo wa kisa chote. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvuke wa kilo 1 ukigeuka kuwa maji huachia joto la takriban megajuli 2.5, joto lilelile ambalo bahari ilitoa wakati wa kuuvukiza. Mvua ikizidi kawaida kwa milimita 5 kwa siku, hizo ni megajuli 12.5 kwa kila mita ya mraba. Zigawe kwa sekunde 86,400 za siku, unapata wati 145. Ni kama balbu tatu za wati 50 zilizowashwa usiku na mchana juu ya kila mita ya mraba, katika eneo lenye upana wa maelfu ya kilomita, kwa wiki nyingi mfululizo.

Joto hilo haliachiwi chini kwenye maji. Huachiwa kule mvuke unakogeuka kuwa matone, kilomita kadhaa juu. Hewa ya huko hupanuka, hupanda, kisha hutawanyika pande zote karibu na kilele cha troposfea, tabaka la chini la angahewa. Mtawanyiko huo una matawi mengi. Mawili ndiyo yanayotuhusu.

Tawi la kwanza: ziwani

Tawi hili ni fupi. Mahali palipozoea hewa ya kushuka pakapata hewa ya kupanda, unyevu wa bahari ukavutwa kuingia bara, na vuli ya 2019 ikawa miongoni mwa vuli kubwa kabisa Afrika Mashariki.

Ziwa Viktoria huitikia mvua kuliko maziwa mengi kwa sababu ni sinia pana: kilomita za mraba 68,800, kina cha wastani mita 40 tu. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayoangukia uso wake moja kwa moja. Kagera, Simiyu, Mara na mito mingine yote kwa pamoja huleta kilichobaki. Matumizi makubwa nayo ni mvuke. Nile huchukua sehemu ndogo. Kwa hiyo ziwa huishi kwa salio dogo kati ya namba mbili kubwa, kama duka linalouza sana na kubakiza faida ndogo. Mauzo yakiongezeka kwa sehemu ya tano tu, faida hurukaruka.

Kati ya Oktoba 2019 na mwisho wa Aprili 2020 ziwa lilipanda karibu mita 1.3. Zidisha kwa eneo lake: kilomita za ujazo 89. Wapo waliouliza kwa nini maji yasifunguliwe kwenye bwawa la Jinja, Nile inapotokea, yaishe. Fanya hesabu. Mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, ambazo ni nyingi, ni milioni 172.8 kwa siku. Zitandaze juu ya ziwa zima: milimita 2.5. Kuondoa mita 1 kwa njia hiyo, mvua na mvuke vikiwa vimelingana, kunachukua siku 400. Zaidi ya hapo, Aprili 2020 kisiwa kinachoelea, magugu na udongo vilivyong'olewa na maji yaliyopanda, kilikwenda kuziba mitambo ya umeme ya Jinja na Uganda ikaingia gizani.

Kwenye ufuko, mita 1.3 si kitu kimoja kila mahali. Penye miamba kama Capripoint ya Mwanza, maji hupanda ukutani na kubaki hapohapo. Ufuko unaoteremka mita 1 kwa kila mita 20 hupoteza mita 26. Ukiteremka mita 1 kwa 50, kama ilivyo kwenye tambarare nyingi za midomo ya mito, maji huingia mita 65, yaani yanaipita hata ile mita 60 ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu. Kosa la kawaida ni kupima mita 60 kutoka ukingo wa maji wa siku ya kununua kiwanja, tena kiangazi. Pima kutoka alama ya maji ya juu. Na ile 13.42 si kina: sifuri ya kipimo cha Jinja imewekwa karibu mita 1,122.9 juu ya bahari, hivyo uso wa ziwa ulifika mita 1,136.3. Mwenye ramani ya mistari ya mwinuko anaweza kuanzia hapo.

Jambo moja la haki kwa dipoli: haikujaza ziwa peke yake. Dipoli hufa Desemba au Januari, kaskazi inapoanza na kugeuza mwelekeo wa upepo baharini. Masika ya 2020, yaliyomalizia kazi, yalinyesha wakati dipoli imeshakwisha, juu ya ziwa lililokuwa tayari limejaa na ardhi iliyolowa.

Tawi la pili: kuelekea Aktiki

Wakati wa baridi ya kaskazini, juu ya Uarabuni na kaskazini mwa India kwenye kilomita 12 hivi hupita mkondo wa jeti, mto wa hewa unaokwenda mashariki kwa kasi. Hewa iliyotawanywa na jiko letu ilipoufikia, iliukunja. Mikunjo hiyo huitwa mawimbi ya Rossby. Kila mmoja una urefu wa maelfu ya kilomita. Jeti huyaongoza kama mfereji unavyoongoza maji, mpaka Pasifiki ya Kaskazini na kuendelea mpaka Atlantiki.

Pasifiki ya Kaskazini, karibu na visiwa vya Aleutian, kila majira ya baridi kuna eneo kubwa la mgandamizo mdogo wa hewa. Eneo hilo pamoja na milima na tofauti ya nchi kavu na bahari ndiyo yanayotengeneza wimbi kubwa la kudumu la kaskazini. Mwenye mtumbwi ameona: viwimbi vya boti mbili vikikutana kilele kwa kilele, mtumbwi unarushwa, vikikutana kilele kwa bonde, maji yanatulia. Wimbi lililotoka Bahari ya Hindi lilifika kilele kwa bonde. Mgandamizo mdogo wa Aleutian ukadhoofika, na wimbi la kudumu likapungua.

Hilo lina uzito kwa sababu ya kinachoendelea juu zaidi. Ncha ikiwa gizani miezi mingi, hewa ya stratosfea, tabaka lililo juu ya troposfea, hupoa, na upepo wa magharibi huizunguka ncha kama pia inayozunguka. Huo mzunguko unaitwa voteksi ya ncha. Kinachoupunguza kasi ni mawimbi yanayopanda kutoka chini na kupasuka ndani yake. Si kila wimbi linafika. Charney na Drazin walionyesha 1961 kwamba upepo wa magharibi hupitisha mawimbi marefu sana tu, yale yanayoizunguka dunia kwa kilele kimoja, viwili au vitatu. Ukipunguza hayo, pia hiyo haina wa kuigusa. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa ya ndani haichanganyiki na ya nje, inazidi kupoa.

Ndivyo ilivyokuwa. Januari hadi Machi 2020 voteksi ya Aktiki ilikuwa na nguvu ya kipekee, na nguvu hiyo ilishuka chini kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kipimo kinachoitwa Msawazo wa Aktiki, yaani tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya ncha na latitudo za kati, kilivunja rekodi ya Februari katika kumbukumbu za tangu 1950. Upepo wa magharibi ukasukuma hewa ya Atlantiki ndani ya Ulaya na Siberia. Ulaya ikapata majira ya baridi yenye joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa mpaka wakati huo, nyuzi 3.4 juu ya wastani wa 1981–2010. Uingereza ikapigwa na dhoruba Ciara na Dennis ndani ya wiki moja, ikaimaliza Februari yenye mvua kuliko Februari zote za kumbukumbu zake. Meli ya utafiti Polarstern, iliyokuwa imeachwa makusudi igande katika barafu ya Aktiki tangu Oktoba 2019, ikasombwa pamoja na barafu yake haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Ozoni nayo. Hewa ya stratosfea ikishuka chini ya nyuzi 78 hasi, mawingu ya kipekee hujitengeneza, na juu ya chembe zake klorini iliyotoka kwenye gesi za zamani za majokofu huamka. Jua likirudi Machi, klorini hula ozoni. Kwa kawaida Aktiki huokolewa na mawimbi yanayoipasha joto mapema; safari hii mawimbi yalikuwa yamelala. Tarehe 12 Machi 2020 ozoni ilishuka mpaka yuniti 205 za Dobson, kipimo cha wingi wa ozoni, chini ya 220 inayotumika kuita tundu kule Antaktika. Tuwe waangalifu na lugha hapa: bahari haikula ozoni. Iliacha mlango wazi. Mwizi ni klorini.

Tunajuaje si bahati tu?

Mwaka mmoja hauthibitishi kitu. Voteksi hubadilika yenyewe bila kutumwa na bahari yoyote, na ukitafuta miaka miwili inayofanana utaipata tu. Nguvu ya kisa cha 2019 iko mahali pengine: Pasifiki ya ikweta ilikuwa karibu na kawaida. El Nino, yaani Pasifiki hiyo inapopata joto kupita kawaida, huongeza nguvu ya mgandamizo mdogo wa Aleutian, kinyume cha kilichofanywa na dipoli. Dipoli kubwa ya 1997 ilikuja imeshikana na El Nino kubwa, ikawa vigumu kumtambua nani kafanya nini. Mwaka 2019 mtuhumiwa alikuwa peke yake uwanjani.

Ushahidi mwingine ni kwamba ilitabiriwa. Mifano ya kompyuta iliyoanzishwa kabla ya majira ya baridi ilionyesha mwelekeo sahihi, na Steven Hardiman na wenzake wa Met Office, ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza, walichambua 2020 na kuitaja dipoli kuwa chanzo kikuu cha utabiri huo, kwa njia zote mbili: ya troposfea na ya stratosfea. Anayesoma utabiri wa namna hii ajue tatizo lake sugu. Wastani wa mifano hutoa ishara yenye mwelekeo sahihi lakini ndogo mno kuliko inayotokea kweli. Ukisoma ukubwa wake kama ulivyo, utapuuza majira yaliyokuja kuwa ya rekodi.

Vipi Antaktika? Septemba 2019 stratosfea ya kusini ilipata joto la ghafla, zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki moja hivi kwenye kimo cha kilomita 30, na tundu la ozoni la mwaka huo likawa dogo kuliko yote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inavutia kulibandika nalo kwa dipoli. Lakini tukio hilo lilitangulia kilele cha dipoli, na lilikwenda kinyume: huko voteksi ilidhoofika. Dipoli ilikuwa inajengeka tayari, hivyo haiondolewi kabisa kwenye orodha, ila kumpa kesi mtu kwa sababu tu alionekana mtaani si uchambuzi.

Jaribio la pili, 2023–2024

Dipoli kubwa ilirudi 2023, safari hii pamoja na El Nino yenye nguvu. Vuli ilikuwa nzito. Masika ya 2024 yakafuata, na Mei 2024 Ziwa Viktoria lilipita alama ya 2020. Mwalo wa Kirumba haukuhitaji kujua kama El Nino ilikuwepo: maji yalipanda vilevile, kwa kuwa dipoli na El Nino zote huisukuma vuli yetu upande uleule.

Kule Aktiki matokeo yaligeuka. El Nino ilikuwa inavuta Aleutian upande wake, mawimbi yakapanda, na voteksi ikavunjika mara mbili: 16 Januari 2024, kisha 4 Machi. Kama ncha ndiyo ingekuwa inajaza ziwa, voteksi iliyokaza na voteksi iliyovunjika zisingeleta maji yaleyale Mwanza. Kwa anayepanga shughuli ufukoni, namba ya kufuatilia kuanzia Juni hadi Septemba ni ile tofauti ya visanduku viwili vya Bahari ya Hindi, na pembeni yake joto la Pasifiki ya ikweta. Msawazo wa Aktiki anaweza kuuacha.

Wanaoweka macho kwenye voteksi wanazihitaji zote mbili, na kwao swali gumu ni la miongo ijayo. Hesabu za Wenju Cai na wenzake za 2014 zilionyesha kuwa, gesi za joto zikiendelea kupanda sana, dipoli chanya za kupindukia zinaweza kutoka takriban mara 1 kwa miaka 17 hadi mara 1 kwa miaka 6. Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norway na Urusi, inayopoteza barafu, nayo inadhaniwa kuivuta voteksi upande wa udhaifu, ingawa watafiti wanabishana juu ya ukubwa wa nguvu yake. Majira ya 2019–2020, mvutano huo ulipokuwepo, Bahari ya Hindi ilishinda.